Fundi, Mganga na Mtu wa Umeme Washirikiane Madale

MADALE, katika Kata ya Wazo, Manispaa ya Kinondoni, ni mahali ambapo jiji la Dar es Salaam huonekana likijengwa kila siku. Kando ya nyumba zilizokwisha kuezekwa vizuri na kuzungushiwa ukuta yako mapagale ya miaka mingi, yasiyo na madirisha wala milango. Na ndani ya mapagale hayo, au katika mabanda ya bati yaliyo nyuma yake, wanaishi watu. Wako walinzi waliowekwa na wenye viwanja, pamoja na wake zao na watoto wao. Wako wapangaji wa chumba kimoja kimoja, mama lishe, vibarua wa ujenzi, wapasua kokoto na vijana wa bodaboda. Hao ndio wanaowajengea wengine nyumba, na makazi yao wenyewe hayana mtu wa kuyaangalia.

Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu 843,090 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Ni dhahiri kwamba ongezeko kubwa kiasi hicho halikuweza kutoshea Kariakoo, Magomeni au Temeke Mikoroshini. Limekwenda pembezoni, Madale, Goba, Bunju, Chanika na Chamazi, mahali ambapo mtu hufika kwanza, kisha barabara, maji na umeme humfuata taratibu. Na kama mtu mwenyewe ni maskini, humfuata taratibu zaidi.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini na watumishi wa umma ni kwamba kaya ya namna hiyo ina mahitaji matatu yasiyotengana. Inahitaji moto wa kupikia na taa, inahitaji chumba kisichovuja, na inahitaji afya. Mahitaji hayo hukaa pamoja katika chumba kimoja, lakini huhudumiwa na ofisi mbalimbali, kila moja kwa fomu yake, kwa siku yake na kwa takwimu zake. Hakuna mtumishi hata mmoja ambaye kazi yake ni kusimama mlangoni na kuyatazama yote matatu kwa pamoja.

Na lichukuliwe kwa mfano chumba cha kawaida cha mpangaji. Juu ni bati tupu lisilo na dari. Dirisha ni moja, lina nondo lakini halina wavu. Jiko la mkaa huwashwa mlangoni, na mvua ikinyesha huingizwa ndani. Mtoto akianza kukohoa hupelekwa zahanati, huandikiwa dawa, hurudi katika chumba kile kile chenye moshi ule ule na ukuta ule ule unaolowa. Mwezi unaofuata anakohoa tena. Katika vitabu vya zahanati hao ni wagonjwa wawili waliokwisha kutibiwa. Kwa mama yake ni ugonjwa mmoja usiokwisha.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na kwamba zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Kwa sababu hiyo hapana mtu mwenye akili timamu atakayeupinga Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 8, 2024, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo ni jema. Swali ni namna litakavyoingia katika chumba kilichoelezwa hapo juu.

Mitungi ya gesi imegawiwa katika mikutano mingi, mingine bure na mingine kwa bei ya ruzuku. Lakini kibarua hulipwa kwa siku, na hununua kwa siku. Mkaa anaouziwa kwa kopo ni ghali kuliko ule wa gunia, kama vile maji ya dumu yalivyo ghali kuliko maji ya bomba. Hata hivyo kopo linalingana na fedha iliyomo mfukoni mwake jioni ile. Gesi humtaka atoe makumi ya maelfu ya shilingi kwa mara moja. Ndiyo sababu si ajabu kuukuta mtungi uliopokewa kwa vigelegele umegeuka kigoda, na jiko la mkaa linaendelea kuwaka pembeni yake. Kwa hali hiyo, kuhesabu mitungi iliyogawiwa ni kuhesabu kazi ya ugavi, na mapishi yenyewe yanabaki bila kuhesabiwa.

Hapo Wazo lipo jambo ambalo kila mkazi analiona na wachache hulisema. Gesi asilia ya Songo Songo ilipofikishwa Dar es Salaam mwaka 2004, tawi la bomba lenye urefu wa kilomita 16 lilipelekwa hadi kwenye kiwanda cha saruji cha Wazo. Halikuwa kosa: saruji ni uhai wa ujenzi, na kiwanda kinachotumia gesi ya nchini huliokolea taifa fedha za kigeni. Lakini kwa zaidi ya miaka 20 gesi ya taifa imekuwa ikiwaka kilimani pale, na mwendo mfupi kutoka hapo wananchi wanapikia mkaa uliosafirishwa kutoka misitu ya Pwani, Morogoro na Tanga. Shirika la Maendeleo ya Petroli limekwisha kuunganisha nyumba kadhaa za Mikocheni na gesi hiyo. Hivyo jambo lenyewe linawezekana, ila limeanzia mahali ambapo wenye nyumba wana majiko na mabomba tayari.

Upande wa umeme hali ni ya kusikitisha zaidi, maana hapo Serikali ilikwisha kumkusudia maskini, na kusudio likampita. Katika bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa nyumbani ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi hutozwa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo. Anayezidi kiwango hicho huhamishiwa kundi ambalo kila uniti ni shilingi 292. Bei ya shilingi 100 iliwekwa kwa ajili ya mnyonge. Lakini mnyonge wa mjini hana mita yake. Yeye ni mmoja wa wapangaji watano au sita wanaotumia LUKU moja ya mwenye nyumba. Kila mmoja wao hutumia kidogo, taa mbili na redio na kuchaji simu, lakini mita huwahesabu wote kama mtu mmoja, na mtu huyo mmoja aliyeundwa na mita huonekana ni tajiri. Uniti 75 ambazo mwenye mita yake na matumizi madogo angelipia shilingi 7,500, wao huzilipia shilingi 21,900. Maskini akiwa peke yake angesaidiwa, na kwa kuwa wako watano chini ya paa moja wanalipa bei ya wenye majokofu.

Mtu aweza kuuliza kwa nini kila mpangaji asipate mita yake. Mwezi Januari 2022 gharama ya kumuunganishia umeme mteja wa mjini aliye ndani ya meta 30, asiyehitaji nguzo, ilirejeshwa kuwa shilingi 320,960. Hakuna mpangaji wa chumba atakayeitoa fedha hiyo kwa nyumba ambayo si yake, na mwenye nyumba haoni faida ya kuitoa kwa ajili ya mpangaji ambaye huenda akahama mwakani. Matokeo yake ni kanuni inayojulikana katika nyumba zote za kupanga: fedha ya umeme hukusanywa kwa kila chumba sawasawa, na pasi na jiko la umeme hupigwa marufuku. Mwenye nyumba ndiye anayeamua chakula kitapikwa kwa moto gani, wala hakuna mkakati wa wizara yoyote unaomtaja.

Hata marufuku hiyo ikiondolewa, nyaya zenyewe zitakataa. Jiko la umeme la presha, ambalo linaweza kuivisha nusu kilo ya maharage kwa umeme wa takriban nusu uniti, ni mkombozi wa kweli wa mama wa mjini. Lakini huvuta umeme mwingi kwa wakati mmoja kuliko taa za nyumba nzima. Likichomekwa katika soketi iliyolegea, iliyounganishwa kwa waya mwembamba uliofungwa utepe katika sehemu tatu, bila waya wa kupeleka hitilafu ardhini, kitakachopatikana si chakula bali moto wa aina nyingine.

Hapo ndipo suala la nishati linapogeuka kuwa suala la matengenezo, na matengenezo ndiyo yatima wa huduma zote. Afya ina wizara, mganga mkuu wa wilaya na zahanati. Nishati ina wizara, shirika na mdhibiti. Ujenzi mpya una kibali, mkaguzi na ramani. Bali bati lililotoboka, dirisha lisilo na wavu, mwanya kati ya ukuta na paa, choo kilichotitia na soketi iliyoungua havina ofisi. Wahenga walipousia ufa uzibwe mapema hawakusema ufa huo ni wa wizara gani, na kwa sababu hiyo kila wizara imeuacha kwa jirani yake.

Wala haifai kudhaniwa kwamba matengenezo hayo madogo ni anasa. Utafiti uliofanywa katika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyavu za madirishani, dari na kuzibwa kwa mianya ya juu ya ukuta hupunguza mbu wanaoingia ndani, na kwamba wakazi wenyewe huzipenda njia hizo, kwa sababu humkinga kila aliyemo chumbani, aliyelala na asiyelala. Wavu wa dirishani hauhitaji kukumbukwa kila usiku kama chandarua. Lakini unahitaji dirisha lenye fremu nzima, na fremu nzima inahitaji seremala. Kwa maneno mengine, sehemu ya dawa ya malaria iko mikononi mwa seremala, naye hayumo katika mpango wowote wa afya.

Nchi hii si ngeni katika kuunganisha mambo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa kwa wiki 12, na watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio, wakiongozwa na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliopewa mafunzo kwa ajili hiyo. Walimu wengi wa umri mkubwa wanakumbuka. Nguvu ya kampeni ile haikuwa katika redio peke yake. Ilikuwa katika mpango kwamba kipindi kilisikilizwa, kitabu kikasomwa, kikundi kikajadiliana, na baada ya majadiliano watu wakashika majembe wakachimba vyoo, wakafyeka nyasi na kufukia madimbwi. Somo na kazi vilikaa katika kikao kimoja, pasipo barua kutoka idara moja kwenda nyingine kati ya kujua na kutenda.

Kadhalika nchi inajua madhara ya kinyume chake. Chini ya utaratibu wa madaraka mikoani ulioanza mwaka 1972, halmashauri za miji zilivunjwa, na kazi ndogo ndogo za mji, yaani mitaro, taka na mbu, zikakosa mwenyewe. Kipindupindu kilipozuka mwaka 1977 ndipo ilipoonekana wazi kwamba mtaro ulioziba ni jambo la hospitali. Halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978.

Na inajua pia madhara ya amri isiyo na mbadala. Mnamo Januari 2006 biashara ya mkaa ilipigwa marufuku, na marufuku hiyo ilidumu kwa wiki mbili tu. Jiji haliwezi kuacha kula. Benki ya Dunia ilieleza mwaka 2009 kwamba kati ya mwaka 2001 na 2007 kaya za Dar es Salaam zinazopikia mkaa ziliongezeka kutoka asilimia 47 hadi 71. Watu hawakuwa wakikataa maendeleo. Walikuwa wakikimbia bei za mafuta ya taa, gesi na umeme.

Kwa wanaodhani kwamba jiji kubwa haliwezi kujulikana nyumba kwa nyumba, mfano upo karibu. Mwaka 2004 Dar es Salaam ilianzisha mradi wa kudhibiti malaria mijini katika kata 15, tano kwa kila manispaa ya wakati ule. Wakazi wa mitaa yenyewe waliajiriwa kuzunguka kwa mpangilio wa mashina ya nyumba kumi kumi, wakitafuta na kuandika kila dimbwi, shimo na karo lenye viluwiluwi. Na kuanzia mwaka 2006 dawa ya kuua viluwiluwi ikaanza kunyunyizwa katika kata tatu za mwanzo. Kama dimbwi la Buguruni liliweza kuwa na kumbukumbu yake katika daftari, chumba cha Madale chenye watu sita hakiwezi kukosa.

Nchi nyingine zimejikwaa katika jiwe hili hili. New Zealand ilianzisha mwaka 2013 mpango wa nyumba zenye afya, baada ya kuonekana kwamba homa inayodhuru mioyo ya watoto ilikuwa ikiwarudia waliorundikana katika nyumba baridi zenye unyevunyevu. Mhudumu wa afya akimwona mtoto mgonjwa huiandikisha familia, na kuanzia hapo hushughulikiwa vitanda, mapazia, joto la nyumba na mazungumzo na mwenye nyumba. Huko Marekani jimbo la Pennsylvania lilitenga mwaka 2022 dola milioni 125 kwa ajili ya matengenezo ya nyumba, na sababu yake ingeeleweka hata Madale: mipango ya kupunguza gharama za nishati ilikuwa ikizikataa nyumba zenye paa bovu, na hivyo wenye shida zaidi ndio waliokuwa wakiachwa. Tajiri na maskini duniani hutofautiana katika mengi, lakini ofisi zao hufanana.

Kwa Madale kinachohitajika si wizara mpya wala kamati ya kitaifa yenye posho za vikao. Ngazi inayofaa ipo, nayo ni ofisi ya Serikali ya Mtaa. Mtendaji wa Mtaa anao wajibu wa kuwafahamu wakazi. Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwafikisha wahudumu 137,294 katika miaka mitano, wakiwa wawili kwa kila mtaa na kitongoji. TASAF tangu zamani imetumia mikutano ya wananchi kuzitambua kaya maskini. Basi mtu wa kuingia ndani yupo, mtu wa kuandika yupo, na njia ya kuwatambua wenye shida ipo. Kinachokosekana ni daftari moja linalowaunganisha, na amri kwamba kilichoandikwa humo kimfikie anayehusika.

Mhudumu wa afya anapoingia chumbani kumwona mzazi au mtoto huuliza juu ya chanjo, kliniki na lishe. Aongezewe maswali machache tu: chakula hupikwa kwa nini na wapi, paa linavuja, dirisha lina wavu, soketi imeungua, mita ni ya nani na inatumiwa na vyumba vingapi. Maswali hayo hayahitaji shahada. Majibu yaende kwa Mtendaji wa Mtaa wiki ile ile, na kutoka hapo kwa fundi, kwa ofisi ya umeme ya wilaya, au kurudi zahanati.

Utaratibu wa hatua nao una maana kubwa, na hapo ndipo mipango mingi huharibika. Matengenezo hayana budi kutangulia. Nyaya zikaguliwe na fundi mwenye leseni ya EWURA kabla jiko la umeme halijaletwa. Bati lizibwe kabla ukuta haujapakwa chokaa. Fremu ya dirisha ikazwe kabla wavu haujapigiliwa. Kisha ifuate nishati. Mwisho mhudumu wa afya arudi katika chumba kile kile, baada ya miezi mitatu na baada ya sita, aone kama mtoto bado anakohoa. Ikiwa anakohoa, basi kuna kilichosahauliwa, na daftari litaonyesha ni nini. Kugawa mtungi kwanza na kuuliza juu ya chumba baadaye ni kumvika kofia mtu asiye na viatu.

Mafundi si haba. Vijana wanaojua kupiga bati, kufunga nyaya na kutengeneza fremu wamejaa Tegeta na Mbezi, na VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti wale waliojifunza kazini. Mtaji nao upo mahali pake. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Sehemu ya mikopo hiyo ikielekezwa kwa vikundi vya mafundi, na Manispaa ikavipa kazi ya kukarabati nyumba zilizoandikwa daftarini, fedha itazunguka ndani ya mtaa: mkopo utalipwa kwa kazi, na kazi itabaki juu ya vichwa vya watu.

Pingamizi zitakuwapo, na moja ni nzito. Fedha ya umma ikitengeneza nyumba ya kupanga, mwenye nyumba ndiye atakayefaidi, na huenda akapandisha kodi kesho yake na kumfukuza yule yule aliyekusudiwa. Sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo mpangaji hana ngao hapo. Dawa yake ni mkataba. Kabla fundi hajapanda juu ya paa, mwenye nyumba atie sahihi mbele ya Mtendaji wa Mtaa kwamba kodi haitapandishwa kwa miaka miwili, na kwamba marufuku ya jiko la umeme imeondolewa. Asiyetaka kutia sahihi nyumba yake ibaki ilivyo, na wapangaji wake wapewe vile vinavyobebeka: jiko, chandarua, na ushauri wa kupikia nje. Mwenye pagale naye aandikwe. Aliyemweka mlinzi pamoja na watoto ndani ya jengo lisilo na madirisha hawezi kudai kwamba jengo hilo si makazi.

Pingamizi ya pili ni ya wale watakaosema kwamba baadhi ya nyumba za Kata ya Wazo na kata za jirani hazikupimwa, au zimo katika maeneo yenye migogoro ya ardhi, na kwamba kuzitengeneza ni kuzihalalisha. Migogoro ya ardhi ina mahakama na mabaraza yake. Mapafu ya mtoto hayana hati miliki, wala mbu haulizi namba ya kiwanja. Wavu na waya salama havimpi mtu haki ya ardhi, na kuvikosa hakumwondoi.

Kuhusu bei ya umeme, suala liko mikononi mwa EWURA na shirika la umeme, nalo halihitaji ujenzi wowote. Nyumba iliyothibitishwa na Serikali ya Mtaa kwamba ina kaya tano ipewe kiwango cha kaya tano, ama kwa kuwekewa mita za bei nafuu kwa kila chumba na gharama kukatwa kidogo kidogo kwenye LUKU, ama kwa kuongezewa kiwango cha uniti kwenye mita iliyopo. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Ikiwa mita imeweza kumdai mwananchi kodi ya jengo, inaweza pia kutambua idadi ya kaya zilizomo ndani ya jengo hilo.

Lipo pia la kuangaliwa kwa hadhari. Daftari lenye habari za ugonjwa na umaskini wa watu ni kitu cha hatari likiwa mezani ovyo. Mtu mwenye kifua kikuu hapaswi kujulikana mtaani kwa sababu alitengenezewa dirisha. Habari za ugonjwa zibaki kwa mhudumu wa afya. Kwa Mtendaji na fundi iende kazi inayotakiwa kufanywa tu. Na orodha ya nyumba zitakazoanza isomwe katika mkutano wa hadhara wa mtaa, kwa kuwa orodha inayoandikwa gizani huanza na majina ya jamaa.

Walimu wa shule za msingi wana nafasi ambayo hakuna mtumishi mwingine aliye nayo. Mganga humwona mtoto siku anapougua, na mwalimu humwona kila siku. Ndiye anayemjua anayesinzia asubuhi kwa sababu ya joto na mbu, anayekohoa muhula mzima, ambaye daftari lake limelowa, na ambaye hakufanya kazi ya nyumbani kwa kuwa uniti zilikwisha na zamu ya kuchangia ilikuwa ya chumba kingine. Mara nyingi mambo hayo huandikwa katika ripoti kama uzembe wa mwanafunzi. Karatasi fupi kutoka kwa mwalimu wa darasa kwenda kwa Mtendaji wa Mtaa, isiyo na lugha ya mashtaka, ingetosha kuiingiza nyumba hiyo katika daftari.

Mabwepande, jirani ya Madale, ni ushahidi wa kile kinachotokea utaratibu ukikosekana. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, waathirika kutoka Jangwani na mabonde mengine walipewa viwanja huko. Ardhi ilitolewa kwa haraka ya kusifiwa. Kazi zao, shule za watoto wao na hospitali waliyoizoea vilibaki mjini, na baadhi yao walirudi mabondeni kwenye hatari ile ile. Kila ofisi ilikuwa imekamilisha sehemu yake.

Manispaa ya Kinondoni inaweza kuanza na mtaa mmoja. Mapendekezo ya bajeti huanzia mitaani miezi mingi kabla ya mwaka wa fedha kufunguliwa Julai 1, na Madale inaweza kuandikwa humo kwa fungu dogo: karatasi za daftari, posho ya wahudumu wawili wa afya, mkopo wa kikundi kimoja cha mafundi, na siku kumi za mkaguzi wa nyaya. Orodha ya nyumba za kwanza isomwe mkutanoni kabla ya mwisho wa Septemba. Kazi ya bati na nyaya imalizike kabla ya masika ya Machi, maana mvua ikianza fundi hapandi juu ya paa, na jiko la mkaa huingizwa ndani.